Kutoka kaunta ya polisi hadi lango la gereza: jinsi ya kujenga mifumo ya haki jinai inayosomana

Tukio moja la jinai nchini Tanzania huweza kubeba namba nne kabla shahidi wa kwanza hajasimama kizimbani. Malalamiko yanapofikishwa kituoni hutolewa RB, namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Jalada la upelelezi likifunguliwa linapata namba ya IR. Mahakamani kesi inasajiliwa kwa namba nyingine kabisa, na mshtakiwa akikosa dhamana, gereza linampa namba ya kwake. Kila ofisi inaijua namba yake vizuri. Ndugu wa mahabusu akiuliza mtu wao anarudi lini mahakamani, jibu hutafutwa kwa simu, kwa daftari na kwa kumjua karani.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti yake ikakabidhiwa Julai mwaka huo. Novemba 2023 Mahakama ilizindua mfumo wake mpya wa kuendesha mashauri, e-CMS. Serikalini kauli ya "mifumo isomane", yaani ipeane taarifa yenyewe, imekuwa ya kila siku. Mwongozo huu ni kwa wale watakaotakiwa kuifanya kauli hiyo kuwa kazi: maofisa TEHAMA, wasajili, makarani, mawakili wa serikali, maofisa wa polisi na wa magereza. Nimeuandika kwa kufuata mazingira ya Tanzania, ingawa aliye Kenya au Uganda ataona mengi yanamhusu.

Msimamo wangu nauweka mapema: kazi hii ianze na mtu aliye chini ya ulinzi. Takwimu za wakubwa, ramani za uhalifu na dashibodi zenye rangi zisubiri. Mfumo ambao hauwezi kufikisha amri ya kumwachia mtu gerezani siku ileile haujaanza kufanya kazi, hata kama seva zake ni mpya.

Hatua ya 1: Fuata jalada kwa miguu

Kabla ya kuchora chochote, chagua wilaya moja yenye kituo cha polisi, ofisi ya mashtaka, mahakama ya wilaya na gereza la mahabusu. Kisha fuata majalada machache tangu kaunta hadi lango la gereza. Anza Jumatatu asubuhi, maana waliokamatwa mwishoni mwa juma ndio wanaopelekwa mahakamani siku hiyo, na udhaifu wote unaonekana kwa pamoja.

Katika kila makabidhiano andika nani ametoa, nani amepokea, kwa karatasi gani, saa ngapi na saini imewekwa wapi. Zungumza na askari wa zamu anayeandika kitabu cha mahabusu, mpelelezi, wakili wa serikali anayeandaa hati ya mashtaka, karani wa masijala, askari wanaosindikiza karandinga, ofisa mapokezi wa gereza na mtunza vielelezo. Mkuu wa ofisi atakueleza utaratibu ulivyoandikwa. Karani atakuonyesha daftari lake binafsi la tarehe za kesi, ambalo halimo kwenye waraka wowote lakini ndilo linaloiendesha masijala. Daftari hilo ni muhimu kuliko waraka, kwa hiyo omba kuliona na uulize kwa nini lilihitajika.

Ukimaliza, chora safari yote kwenye karatasi moja kubwa na uweke alama za aina mbili. Ya kwanza iwekwe kila mahali taarifa inapoandikwa upya kwa mkono, kwa sababu hapo ndipo jina, tarehe au kifungu cha sheria hukosewa. Ya pili iwekwe kila mahali ambapo uhuru wa mtu unategemea karatasi kufika: hati ya mahabusu, hati ya kumleta mahakamani, hati ya kumwachia, hati ya kukamata. Alama hizo mbili zinapokutana, umepata pa kuanzia.

Hatua ya 2: Chagua matukio machache, na amri ya kuachia iwe ya kwanza

Tarehe 8 Julai 2021 Mahakama ya Juu ya India iliamuru wafungwa 13 waliokuwa katika gereza la Agra waachiwe kwa dhamana ya muda. Siku zikapita wakiwa bado ndani. Sababu yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: gereza lilikuwa linasubiri nakala ya amri iliyothibitishwa. Jaji Mkuu N. V. Ramana alilichukua suala hilo mwenyewe, na tarehe 31 Machi 2022 ikazinduliwa njia ya kielektroniki iitwayo FASTER, ya kupeleka amri za mahakama hiyo moja kwa moja kwa magereza na wahusika wengine.

Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba India haikuwa na upungufu wa kompyuta. Mradi wa mahakama mtandao ulikuwapo tangu 2007, polisi walikuwa na mfumo wa kitaifa, na magereza yalikuwa na wao. Kilichokosekana ni njia nyembamba tu ya kupitisha karatasi moja kutoka jengo moja hadi jengo lingine, na mamlaka ya kisheria ya anayeipokea kuiamini.

Kwa hiyo usianze na orodha ya mambo mia. Anza na matukio haya, kwa mpangilio huu:

- amri ya kumwachia mtu, kwa dhamana au vinginevyo;
- hati ya mahabusu, pamoja na tarehe ya kurudi mahakamani;
- hati ya kukamata, kutolewa kwake na kufutwa kwake;
- mtu kukamatwa, na saa aliyokamatwa;
- mashtaka kusajiliwa, kubadilishwa au kuondolewa;
- hukumu na adhabu.

Kila tukio liwe na ujumbe wake mfupi: namba ya kesi, mtu anayehusika, mahakama, aina ya amri, tarehe na saa, na aliyeitoa. Ujumbe wa kuachia una jambo la ziada linalosahauliwa. Gereza haliwezi kumfungulia mtu mwenye hati nyingine ya mahabusu kwa kesi tofauti. Siku hizi ofisa mapokezi hupekua mafaili kuhakikisha, na akiwa na shaka husubiri kesho. Basi ujumbe ukifika, mfumo utafute hapohapo hati nyingine zote zinazomhusu mtu huyo na umwonyeshe ofisa jibu kwenye ukurasa huohuo: hakuna kizuizi, au kuna kesi fulani ya mahakama fulani. Muda mwingi unaopotea langoni unaweza kuokolewa hapa zaidi kuliko kwenye kasi ya mtandao.

Saa ya kukamatwa nimeiweka kwenye orodha kwa makusudi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana. Kenya imeliweka sharti la saa 24 ndani ya Katiba yake ya 2010, Ibara ya 49. Saa hiyo ikiandikwa kituoni pale mtu anapoingia, na ikawa haiwezi kubadilishwa bila kuacha alama, mkuu wa kituo anaweza kuonywa mapema, na hakimu anaweza kuuliza swali lenye msingi.

Hatua ya 3: Kubalianeni nani ni mwenye taarifa ipi

Miradi mingi ya namna hii huchelewa au kufa katika hatua hii, wakati hata programu haijaandikwa. Kila taasisi huogopa kwamba kushirikiana ni kunyang'anywa.

Kanuni ni kwamba kila taarifa iwe na mwenye mmoja, na wengine wote waisome tu. Amri ya mahakama hurekebishwa na mahakama peke yake. Uamuzi wa kushtaki au kuondoa mashtaka ni wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Taarifa za kukamata ni za polisi, au za TAKUKURU, Uhamiaji na vyombo vingine vyenye mamlaka hayo. Kwamba mtu yumo gerezani leo asubuhi, msemaji wa mwisho ni gereza, kwa sababu ndilo linalomhesabu. Msomaji akiona kosa asilirekebishe, bali alipeleke kwa mwenye taarifa kupitia mfumo wenyewe, na mwenye taarifa ajibu ndani ya muda uliopangwa.

Mahakama ina sababu nzito zaidi ya kuwa makini. Ibara ya 107B ya Katiba inaziweka mahakama huru, zikifungwa na Katiba na sheria tu. Kumbukumbu za mahakama zikikaa kwenye seva inayosimamiwa na polisi, au nywila za msimamizi zikiwa mikononi mwa taasisi inayoendesha mashtaka, uhuru huo unabaki kwenye maandishi. Hivyo kamati ya mradi iongozwe na Mahakama, na kumbukumbu za mahakama zikae chini ya Mahakama. Nalisema hili bila kuwashuku polisi. Hata polisi waaminifu kuliko wote hawapaswi kuwa watunza kumbukumbu za hakimu anayeamua kesi walizopeleleza.

Swali la mfumo mmoja au mifumo iliyounganishwa hujibiwa na historia ya nchi. Rwanda ilichagua mfumo mmoja, IECMS, ambao tangu 2016 umewaweka pamoja wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza, na kesi inapita ndani yake kutoka ofisi hadi ofisi. Ni njia safi pale taasisi zinapoanza karibu kwa wakati mmoja. Tanzania tayari ina e-CMS mahakamani na mifumo mingine katika taasisi nyingine, kila mmoja ukiwa na watumiaji waliofundishwa. Kuibomoa yote ili kujenga mmoja ni kupoteza miaka. Hapa njia ya kufaa ni kuiunganisha, kila mmoja ubaki nyumbani kwake.

Makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Yataje nani analipia mawasiliano, nani anaitwa usiku mfumo ukizima, na nani anawajibika kama ujumbe haukufika. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachojadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Msikiruke.

Hatua ya 4: Namba na majina

Msifute namba za taasisi. RB itabaki, IR itabaki, namba ya kesi itabaki, kwa sababu watu wamezizoea na sheria au kanuni zinazitaja. Ongezeni namba moja ya pamoja inayozaliwa mara ya kwanza tukio linapoingia kwenye mnyororo, kisha kila taasisi iifunge na namba yake. Karani akiandika namba yoyote kati ya hizo, apate jalada lilelile.

Tenganisheni tukio na mtu. Kesi moja inaweza kuwa na washtakiwa watano, wawili wakiwa nje kwa dhamana, mmoja ameondolewa mashtaka na wawili wako ndani. Mtu mmoja naye anaweza kuwa na kesi tatu katika mikoa miwili. Mfumo unaoweka "hali ya kesi" bila "hali ya kila mshtakiwa" utamwacha mtu ndani kwa sababu mwenzake hajapata wadhamini.

Kwa utambulisho, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) yenye tarakimu 20 ndiyo bora pale ilipo. Lakini isiwe sharti la kusajili. Wapo watoto, wageni, wasiokuwa na kitambulisho na wanaotaja jina la uongo. Anayekamatwa bila NIDA apewe namba ya muda, alama za vidole zichukuliwe kwa mujibu wa sheria, na namba hizo ziunganishwe baadaye na mtu aliyeidhinishwa, si na kompyuta peke yake.

Majina yetu yanahitaji uangalifu wa pekee. Hamisi wa bara anaandikwa Khamis Zanzibar. Mohamed ana tahajia nyingi. Juma Hamisi wapo wengi katika kila wilaya. Hati za mashtaka hutumia alama ya @ kuonyesha jina la utani, na jina hilo mara nyingi ndilo pekee mashahidi wanalolijua. Weka sehemu yake maalumu, lisibanwe ndani ya jina rasmi. Utafutaji ulete majina yanayofanana kwa matamshi, lakini kufanana kwa jina kusitoshe kamwe kumkamata au kumzuia mtu. Lazima kuwe na kitu cha pili: alama ya vidole, NIDA, au tarehe ya kuzaliwa pamoja na jina la baba.

Hatua ya 5: Kamusi ya pamoja

Marekani ina vyombo vya polisi na usalama vipatavyo 18,000, kila kimoja na mazoea yake. Mwaka 2005 wizara zake za Sheria na ya Usalama wa Ndani zilianzisha NIEM, kamusi ya kitaalamu inayosema kila taarifa iitweje na iandikwe vipi inapovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Hakuna aliyelazimishwa kubadilisha mfumo wake wa ndani. Kinachofuata kamusi ni kile kinachovuka mpaka. Mkifuata wazo hilo mtaepuka ugomvi mwingi.

Mambo mawili ya kwetu yaingie kwenye kamusi tangu siku ya kwanza. La kwanza ni makosa. Kila kosa litambulishwe kwa sura ya sheria, kifungu, na toleo la sheria lililotumika. Toleo la Urekebu la 2023 la sheria za Tanzania lilipoanza kutumika Julai 2025, vifungu vya baadhi ya sheria vilibadilika namba. Mfumo uliohifadhi namba ya kifungu peke yake utasoma kesi ya zamani kwa sheria mpya na kumpa mtu kosa ambalo hakushtakiwa nalo.

La pili ni hali za kutoka. Aliyepata dhamana, aliyeonekana hana hatia, aliyeondolewa mashtaka na DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) na aliyemaliza kifungo wote wako mtaani, ila kisheria hawako sawa hata kidogo. Wa kwanza ana tarehe ya kurudi. Wa tatu anaweza kushtakiwa tena. Kila hali iwe na msimbo wake, na pasiwe na msimbo wa "nyingine", maana utajaa kuliko yote.

Kuhusu lugha: marekebisho ya sheria ya 2021 yaliifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili, huku kumbukumbu nyingi za nyuma zikiwa za Kiingereza. Hifadhini misimbo, halafu maneno ya kuonyesha kwenye skrini yawe ya Kiswahili kwanza.

Hatua ya 6: Amueni nani asione nini

Watu hufikiri mfumo wa pamoja maana yake kila mmoja aone kila kitu. Kwenye haki jinai hilo ni hatari, na si kwa sababu ya faragha tu.

Hakimu hapaswi kusoma jalada la polisi kabla ya ushahidi kutolewa mbele yake. Akiona maelezo ya onyo (yale mshtakiwa aliyoandikwa polisi), maoni ya mpelelezi au orodha ya makosa ya zamani kabla ya wakati wake kisheria, kesi imeshaharibika. Kadhalika polisi na waendesha mashtaka hawana haki ya kuona rasimu ya hukumu. Mipaka hii ijengwe ndani ya mfumo wenyewe kiasi kwamba hata msimamizi hawezi kuifungua kwa kubonyeza kitufe.

Kesi za watoto chini ya miaka 18 zina ulinzi wake katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Majina ya waathirika wa makosa ya kujamiiana nayo yafungwe kwa kila asiyehusika na kesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai taarifa zikusanywe kwa kusudi halali na zitumike kwa kusudi hilo. Ushauri wa Tume inayoisimamia utafutwe mapema, wakati mchoro bado unaweza kubadilika.

Na aliyeachiwa huru? Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Ikiwa mtu ameonekana hana kosa, kumbukumbu ya kukamatwa kwake isiendelee kujitokeza kila polisi anapotafuta jina lake barabarani. Pangeni muda wa kuifunga na uandikwe kwenye kanuni. Kila anayefungua taarifa ya mtu aache jina lake, saa na sababu, na kumbukumbu hizo zikaguliwe kila mwezi na mtu asiye wa taasisi iliyofungua. Watumishi wakijua ukaguzi upo kweli, udadisi wa kumtafuta jirani unapungua.

Hatua ya 7: Jenga njia ya ujumbe inayostahimili umeme kukatika

Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, imejenga GovESB, njia ya pamoja ya mifumo ya serikali kubadilishana taarifa, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 inatoa msingi wake. Anzieni hapo badala ya kuunganisha kila mfumo na kila mfumo mwingine. Taasisi tano zikiunganishwa mbili mbili ni viungo kumi vya kutunza, na ikija ya sita vinaongezeka vitano.

Ujumbe usitegemee mtandao kuwapo muda wote. Karani akisajili amri wakati umeme umekatika, ihifadhiwe kwenye kompyuta yake na iondoke yenyewe mawasiliano yakirudi, ikibeba saa ya kweli ilipotolewa. Kila ujumbe uwe na majibu mawili tofauti: umepokelewa, na umetekelezwa. La kwanza linatoka kwenye mashine. La pili linatoka kwa mtu: ofisa wa gereza anayethibitisha kwamba fulani ametoka langoni saa fulani. Jibu la pili lisipofika ndani ya muda uliowekwa, orodha ijitokeze kwa mkuu wa gereza na kwa msajili, wote wawili kwa pamoja.

Kufuta kupewe uzito sawa na kutoa. Januari 1991 polisi wa Phoenix, Marekani, walimkamata Isaac Evans kwa sababu kompyuta ya gari lao ilionyesha hati ya kumkamata. Hati hiyo ilikuwa imefutwa na mahakama siku 17 kabla. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, iliyoamua 1995 kwamba ushahidi uliopatikana katika ukamataji huo haukupaswa kutupwa kwa sababu tu ya kosa la watumishi wa mahakama. Kwa lugha nyingine, kosa la masijala lilimwangukia raia. Hati yoyote ya kukamata iwe na tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa, na askari anayeiona barabarani aone pia ilithibitishwa lini mara ya mwisho. Ikiwa mtandao haupo na nakala iliyomo ni ya zamani, skrini iseme hivyo waziwazi.

Usisahau kwamba kumbukumbu za mfumo huu siku moja zitakuwa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaielekeza mahakama kuangalia taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyotumwa, na kama ukamilifu wake umelindwa. Mtumishi mmoja kutumia nywila ya mwenzake, jambo la kawaida katika ofisi zenye kompyuta moja, linatosha kuyumbisha ushahidi. Nunueni kompyuta ya pili.

Hatua ya 8: Jaribu mahali padogo, na anza na walio ndani

Chukua mahakama moja, gereza moja, vituo vinavyolihudumia na ofisi moja ya mashtaka. Usihamishe kesi zote za nyuma kwa mkupuo. Siku ya kwanza ingiza kesi za watu walio mahabusu tu, kisha ulinganishe orodha ya mfumo na hesabu ya asubuhi ya gereza, jina kwa jina. Watakuwepo watu gerezani ambao hati zao hazionekani mahakamani, na kesi zinazotajwa ambazo mshtakiwa wake hayupo gereza lililoandikwa. Kila tofauti ni mtu. Zimalizwe zote kabla ya kusonga mbele, na kazi hii ifanywe na karani na ofisa wa gereza wakiwa wamekaa meza moja.

Mwaka 2016 kaunti ya Alameda, California, ilipowasha mfumo mpya wa mahakama, ofisi ya mawakili wa utetezi ililalamika mahakamani kwamba wateja wake walikuwa wakikamatwa kwa hati zisizokuwa na nguvu tena au kukaa gerezani baada ya kuamriwa waachiwe. Uingereza nayo ilianza kutumia mfumo wake wa Common Platform mwaka 2020, ikianzia Derby, na kufikia 2022 watumishi wa mahakama waligoma kwa sababu yake. Nchi hizo hazikukosa fedha wala wahandisi. Muda wa kuingiza taarifa ndani ya ukumbi, kesi zikipita moja baada ya nyingine, ndio ulioelemea watu. Kaa na karani siku ya kesi nyingi za kutajwa, uone kama anaweza kumaliza kuingiza amri moja kabla hakimu hajaita jina linalofuata. Akishindwa, punguza sehemu za kujaza.

Katika kipindi cha majaribio karatasi itaendelea kuwapo. Tamkeni kwa maandishi, kwa waraka wa Msajili na wa Magereza, kipi kinashinda vikitofautiana. Mimi ningependekeza karatasi ishinde mwezi wa kwanza, huku kila tofauti ikiandikwa, kisha siku maalumu itangazwe ambapo amri ya kielektroniki inatosha na gereza haliruhusiwi tena kudai nakala yenye muhuri wa wino. Bila tangazo hilo ofisa wa lango atasubiri karatasi, na atakuwa sahihi kufanya hivyo, kwa sababu ndiye atakayeadhibiwa akimtoa mtu asiyestahili.

Mafunzo yasiishie kwa wakuu hotelini. Yafanyike masijala, kaunta na langoni, kwenye kompyuta zilezile, na zamu ya usiku isisahauliwe.

Hatua ya 9: Pima kwa saa, na orodha ziende kwa wenye mamlaka

Vipimo vitatu vinatosha mwanzoni. Saa kati ya amri ya kuachia na mtu kutoka langoni. Idadi ya mahabusu ambao tarehe yao ya kurudi mahakamani imepita bila wao kuletwa. Idadi ya hati za kukamata zilizofutwa mahakamani lakini bado zinaonekana kwa polisi. Kila Ijumaa orodha ya majina, si asilimia, iende kwa hakimu mfawidhi, mkuu wa gereza, mkuu wa upelelezi wa wilaya na wakili wa serikali mfawidhi. Jumla zisizo na majina zitangazwe kwa umma kila robo mwaka.

Ongeza pia njia ya ndugu na mawakili kuuliza kwa simu ya kawaida, bila bando: namba ya kesi inaingizwa, jibu linakuwa mahakama na tarehe ijayo. Kesi za watoto na zilizofungwa kwa umma zisijibiwe kwa njia hii.

Vipimo hivyo vikitulia kwa miezi kadhaa katika wilaya ya majaribio, nenda wilaya ya pili. Baada ya hapo ndipo uanze kuunganisha vielelezo na majibu ya maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Sababu ya "upelelezi haujakamilika" inayosomwa mahakamani kila kesi inapotajwa mara nyingi ni ripoti iliyobaki njiani, na hakimu anayeweza kuona sampuli ilipokelewa lini maabara ana swali la kumuuliza mwendesha mashtaka kabla ya kuahirisha tena.